Neno "tu" kwenye mtumbwi wa lubisi

Mzee alichukua ndizi moja kwenye lundo, akaiminya kwa kidole gumba karibu na kikonyo, akaitupa pembeni. Ya pili akaiminya vilevile, akaitia kwenye mtumbwi wa kukamulia. Machoni pangu zote mbili zilikuwa za njano na zote zilinukia. "Ile imeiva, mwanangu," akaniambia, "ila si embile. Ni ya kupika. Ikanyage mpaka kesho, maji hutayaona."

Hapo kibanjani kwake, penye migomba, nje kidogo ya mji wa Muleba, nikakumbuka kidato cha tano, mada ya mantiki katika hisabati ya juu, na maneno mawili yaliyotutoa jasho: sharti la lazima na sharti la kutosha.

Sharti la lazima ni lile ambalo lisipokuwapo, jambo haliwi. Sharti la kutosha ni lile ambalo likishakuwapo, jambo nalo limekuwa. Namba haigawanyiki kwa 4 bila kuwa shufwa, basi ushufwa ni lazima. Lakini 6 ni shufwa na haigawanyiki kwa 4, basi ushufwa hautoshi. Ukishajua kwamba namba inagawanyika kwa 4, huna haja tena ya kuuliza kama ni shufwa. Mshale wa "ikiwa hivi, basi vile" ni mmoja: ukianzia mkiani unasoma kutosha, ukianzia kichwani unasoma lazima. Anayeugeuza bila ruhusa amepotea, na wengi tulipotea hapo.

Mzee hakupotea. Embile zake, ndizi za kukamulia pombe, zilikuwa zimevundikwa shimoni kwa siku kadhaa. Alinawa miguu, akaingia katika ule mti uliochongwa ambao Wahaya huuita obwato, jina lilelile la mtumbwi wa ziwani, akaanza kukanyaga. Mwanzoni lilikuwa rojo zito, linanata kwenye vifundo. Akaomba nyasi zilizokatwa rweya, yaani mbugani, akazitandaza juu ya rojo, akaendelea, kisigino kwanza, kisha wayo mzima, bila haraka. Kwa muda mrefu sikuona badiliko lolote. Halafu sauti ikabadilika. Mguu uliokuwa ukitoa mlio wa tope ukaanza kutoa mlio wa maji. Nyasi zilikuwa zimeshika makapi, na chini yake togwa, juisi ya ndizi, ikachuruzika, ina povu, tamu mpaka nyuki wakaifuata.

"Bila nyasi je?" nikauliza.

"Utabaki na rojo mpaka jua lizame."

"Na ukiwa na nyasi, lakini ndizi haijaiva?"

"Utaumiza miguu bure."

Kuiva, kuwa embile, kupata nyasi: kila kimoja ni lazima, na hakuna kinachotosha peke yake. Mzee alijua hivyo kwa sababu katika miaka mingi ya kukamua, kila sharti lilishawahi kumkosa, kwa bahati mbaya au kwa kujaribu, naye akaona lilivyoharibu kazi. Mwanamantiki hafanyi tofauti. Akitaka kuonyesha kwamba sharti si la lazima, hutafuta mfano mmoja ambapo halipo na jambo likawa. Akitaka kuonyesha kwamba halitoshi, hutafuta ndizi moja ya njano isiyotoa maji. Mfano mmoja unatosha kuangusha kauli nzima. Ile ndizi iliyotupwa pembeni ilikuwa hoja kamili.

Togwa yenyewe bado si lubisi, pombe ya ndizi. Huongezwa maji na mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba, ikaachwa ichachuke.

Lugha yetu ina chombo kidogo cha kutofautisha lazima na kutosha, neno "tu". "Utapata togwa ikiwa ndizi imeiva" inadai kwamba kuiva kunatosha, na ni uongo. "Utapata togwa ikiwa tu ndizi imeiva" inadai kwamba kuiva ni lazima, na ni kweli. Herufi mbili zimegeuza mshale. Ukitaka pande zote mbili, unasema "ikiwa na ikiwa tu". Waandishi wa Kiingereza wana ufupisho wao: huongeza herufi f moja kwenye neno lao la "ikiwa". Ubunifu huo husemwa kuwa ni wa mwanahisabati Paul Halmos, na ulichapishwa mwaka 1955 katika kitabu cha John Kelley, General Topology. Sisi tuwe waangalifu na mahali pa kuiweka "tu", maana "zikiiva tu, tunakamua" ina maana nyingine kabisa: mara zinapoiva. Mwalimu asiyeionyesha tofauti hiyo ubaoni anawaacha wanafunzi gizani.

Na Muleba ina sababu ya kuijali tofauti ya lazima na kutosha kuliko wilaya nyingi. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa hapa, kabla ya kujulikana kwingine nchini. Mkungu unageuka njano mgombani kabla ya wakati, ukiukata ndani una madoa ya kutu. Unaonekana umeiva, na mkamuaji mzoefu hauingizi mtumbwini.

Jani la njano peke yake halitoshi kuhukumu kwamba mgomba una mnyauko, kwa kuwa ugonjwa wa Panama nao hugeuza majani kuwa ya njano. Utomvu mzito wa manjano unaotoka dakika chache baada ya kukata shina ni ushahidi wenye nguvu zaidi, lakini si wa lazima: mgomba ulioambukizwa karibuni huenda usiutoe. Kwa hiyo ndugu msomaji mwenye kibanja, ukiona njano, usikimbilie kung'oa, wala usijipe moyo kwa sababu utomvu haukutoka. Kata, subiri, tazama, mwite bwana shamba, na panga uliyokatia ipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine.