Kabla ya Kugusa Waya
Roboti ikizima katikati ya uwanja, hakuna anayeruhusiwa kuingia kuigusa. Mechi ya FIRST Robotics Competition, mashindano ya wanafunzi wa sekondari yaliyoanza New Hampshire, Marekani, mwaka 1992, huchukua takriban dakika mbili na nusu. Timu ambayo mashine yake imekata kauli mwanzoni tu hubaki na jostiki mkononi, ikitazama kazi ya wiki nyingi ikiwa imesimama kama gogo. Watoto hao hunitia huruma. Lakini macho yangu humfuata mtu mwingine: fundi wa kujitolea anayekwenda kwenye kibanda chao baada ya mechi, mita mkononi.

Kwanza hagusi kitu. “Jamani, msizime, wala msichomoe chochote,” ndilo neno lake la kwanza, kwa sababu taa za roboti zikizimwa ushahidi unaondoka nazo. Kisha anauliza. Ilizima yote au ni magurudumu tu? Ilikata ghafla, au ilianza kwa kushtukashtuka? Iligongwa? Majibu ya watoto huja kwa pamoja na kwa sauti ya juu, na karibu kila mara yumo anayelaumu uwanja. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2012, kwenye fainali za ubingwa mjini St. Louis, roboti zilipoteza mawasiliano mbele ya umati, na uchunguzi ukabaini kuwa kuna mtu aliyeingilia Wi-Fi yao makusudi. Kwa hiyo fundi mzuri hasikilizi kwa adabu tu. Anasikiliza kwa sababu huenda wana haki.

Roboti iliyoshtukashtuka ina hadithi yake. Betri ni ya volti 12, na mota zote zikivuta kwa pamoja volti hushuka. Kwenye roboRIO ya kwanza, kompyuta iliyo moyo wa roboti, zikifika chini kabisa, karibu na 6.3, kompyuta huzikatia mota umeme ili yenyewe isife. Watoto huhisi programu ina kasoro na huanza kuandika upya mistari isiyo na kosa. Fundi hufungua kumbukumbu ya mechi kwenye laptopu, akauona mstari wa volti unavyozama, kisha akashika kibanio cha waya mnene pale unapofungwa kwenye betri. Kikizunguka kwa nguvu ya vidole, nati imelegea. Ni jambo dogo la kuogopesha: kiungo kilicholegea kikiongeza ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu tu, mkondo wa ampea 200 utapoteza volti mbili hapohapo, kabla haujafika popote.

Ila kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa kwenye roboti ambayo nusu yake ilikuwa imekufa. Vidhibiti vya mota huunganishwa kwa jozi ya nyaya zilizosokotwa, mmoja wa njano na mwingine wa kijani. Jozi hiyo hutoka kwenye roboRIO, hupita kwa kidhibiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kuendelea hadi kwenye kisanduku cha kugawia umeme. Njia hiyo inaitwa CAN. Ikikatika, vidhibiti vilivyo upande wa kompyuta aghalabu huendelea kusikia amri. Vya upande wa pili huwa viziwi. Mama yule akapiga goti, akasoma taa: chungwa, chungwa, chungwa, chungwa, nyekundu. Akaweka kidole kati ya kidhibiti cha nne na cha tano, akanyamaza.

Hapo tu ndipo alipozima umeme. Kila ncha ya njia hiyo ina kikinzani cha omu 120, na vikinzani viwili vikiwa sambamba mita husoma 60. Ilisoma 120. Ncha moja ilikuwa haipo, na kidole chake kilikuwa kimeshaonyesha ilipopotelea. Ganda la waya wa kijani lilikuwa zima kabisa. Shaba ndani yake ndiyo iliyokuwa imekatika, pale ilipokunjwa kwenye kona kali ya chuma bila nafasi ya kucheza.

Angeweza kuunganisha na kuondoka, maana mechi iliyofuata ilikuwa karibu. Aliunganisha, akapima tena, ikasoma 60, kisha akamwita binti aliyefunga nyaya zile. Akamwambia ashike kila waya kwenye kiungo chake na kuuvuta, si kwa kuujaribu kwa ncha za vidole, bali kama anayetaka kuuchomoa.

Binti akaanza. Wa kwanza ukakaa, wa pili ukakaa. Alipofika wa tisa, waya ulimbakia mkononi. Mama akampa koleo, akasogea pembeni ili apate mwanga.