Ufundi wa Nchi Isiyokuwapo

Miongoni mwa kazi za kalamu zinazostahili sifa na aghalabu hazisifiwi, ni ile ya mtunzi aishikaye tarehe iliyokwisha kupita, akabadili ndani yake jambo moja tu, kisha akawa na subira ya kuyafuata matokeo yake yote hadi mwisho, pasipo kumpendelea shujaa wake wala kumbembeleza msomaji. Ufundi huo nimeukuta hivi karibuni katika Everfair, riwaya ya Nisi Shawl wa Marekani iliyotoka mwaka 2016, ambamo wajamaa wa Uingereza wa chama cha Fabian wananunua ardhi ya Kongo kwa Mfalme Leopold wa Pili, ili wapate makao ya amani watu waliokimbia ukatili wa biashara ya mpira. Vyombo vya angani, na mikono ya chuma wanayoundiwa waliokatwa mikono yao, ni mapambo mazuri. Lakini aliyenishika mimi ni Mfalme Mwenda, ambaye nchi ile ni yake, na ambaye hakuulizwa ilipouzwa. Mtunzi mwenye haraka angalimfanya mgeni mwema kuwa mwokozi, akaishia hapo. Shawl amemwacha mwenye nchi asimame mbele ya kila furaha ya wageni wake, akidai chake.

Chini ya Mlima Meru, huko Arusha, riwaya hiyo haisomeki kama ngano tupu. Mnamo Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikatiwa moto, ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akaufikisha msiba wao mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Alisikilizwa, ila katika Mkutano Mkuu azimio la kuwarudishia ardhi yao halikupata theluthi mbili za kura.

Mwaka ule ule wa 1951 ndio ulioleta Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichoandikwa kabla ya moto ule kuwashwa. Nchi yake iko angani, na hiyo ndiyo ruhusa kubwa aliyojipa mtunzi. Baada ya hapo yote ni mahakama, ambamo Majivuno anashtaki, na Karama anajitetea kwa habari za wajumbe waliotumwa pande sita, wakarejea na hidaya ya maarifa, wakatiwa gerezani. Kila niufikiapo mwisho wake, haki inaposhinda, moyo wangu hufurahi. Hata hivyo, kwa upande wa ufundi, naona Shawl amechagua njia ngumu zaidi, kwa kuwa kwake ushindi huzaa madai mapya.

Natamani atokee mtunzi wa Arusha aishike kura ile ya 1952, aipitishe, kisha asitupe ngoma na vigelegele, bali atuonyeshe asubuhi ya pili yake: nani atangulie kurudi Engare Nanyuki, nani aliyekwisha kupanda migomba King'ori na hataki kuhama tena, mlowezi alipwe nini na nani amlipe, na wale walionyamaza siku ya moto wapewe kiti gani barazani.