Vinara vya Askofu: Juu ya Kutoa Pasipo Masimango

Waswahili husema: Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Methali hii huijua mtoto na mzee, lakini yeyote aliyejaribu kuifuata amekwisha kutambua kuwa ugumu wake umo katika yale maneno mawili ya katikati. Kutenda wema ni jambo ambalo wengi hulimudu. Kwenda zako ndiko kunakotushinda. Twatoa, kisha twasimama pale pale tukiutazama uso wa aliyepewa. Na uso huo usipochangamka kama tulivyotazamia, ulimi huanza kutuwasha. Kwa hali hiyo lugha yetu ina neno lake: kusimanga, yaani kumkumbusha mtu fadhila uliyomtendea ili ajione mdogo mbele yako. Neno hili walijua sana wale waliosomeshwa kwa karo ya jamaa. Mimi ni mmoja wao. Aliyenilipia karo ya miaka miwili, Mungu amrehemu, hakuacha kuitaja katika kila arusi na kila matanga mpaka siku ya kufa kwake. Nilimshukuru, nami namshukuru hata leo. Ila nakiri kwamba shukrani yangu haikupata kamwe nafasi ya kuja yenyewe.

Mafundisho ya Kikristo juu ya sadaka yaonekana kana kwamba yalikusudiwa kuuponya ugonjwa huu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, sadaka yatakiwa itolewe kwa siri kubwa, hata kiungo kimoja cha mwili kisijue kilichotendwa na kingine. Katika Luka, sura ya 14, mwenye karamu aambiwa awaalike maskini, vilema na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kumrudishia. Hata hivyo msomaji makini hataacha kuona kwamba sura zote mbili zataja pia malipo yatakayotoka kwa Mungu. Basi je, kutoa pasipo kungojea kitu kwawezekana kweli, ama twabadilisha tu yule tunayemdai? Swali hili si la wanateolojia peke yao. Mwandishi wa hadithi akitaka kutuonyesha mtu mkarimu hana budi kulijibu, la sivyo atatuchorea sanamu ya nta. Nataka kulipima kwa kitabu kimoja ambacho wengi wamekisoma, au wamekisikia kikisimuliwa: *Les Misérables*, yaani Wenye Dhiki, cha Victor Hugo.

Kitabu hiki kilitolewa mwaka 1862, mwandishi akiwa uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey. Hugo hakuwa mtu wa kanisa. Mwaka 1864 kitabu chake kiliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa Katoliki, na katika wasia wake aliwaachia maskini faranga 50,000, akataka achukuliwe kaburini kwa gari la maiti la maskini, akakataa sala za makanisa yote huku akikiri kwamba amwamini Mungu. Ni ajabu basi kwamba mtu huyu ndiye aliyetuandikia askofu ambaye maaskofu wengi wangependa kufanana naye. Jina lake ni Myriel, wa mji ambao Hugo auandika kwa herufi ya kwanza tu, nao wajulikana kuwa ni Digne, kusini-mashariki mwa Ufaransa.

Kabla ya kutuonyesha tendo lake kubwa, Hugo atuonyesha hesabu zake, na hapo pana busara ya utunzi. Serikali humlipa askofu faranga 15,000 kwa mwaka. Faranga 1,000 azitumia kwa nyumba yake, yenye dada yake na mtumishi mmoja, 14,000 zatoka. Siku chache baada ya kufika, azuru hospitali iliyo jirani na jumba lake, aona wagonjwa 26 wamesongamana katika vyumba vidogo, ilhali watu watatu wakaa katika jumba la kutosha watu 60. Asema kwamba pana kosa mahali fulani, na siku ya pili wagonjwa wamehamia jumbani na askofu amehamia hospitalini. Baadaye aomba posho ya gari, faranga 3,000. Watu wanung'unika kwamba naye ni kama wengine, kumbe azigawa zote kwa wagonjwa, kina mama na watoto yatima. Tarakimu hizi zatuonya tusidhani kwamba tukio la vinara ni la ghafla. Mkono uliovitoa ulikuwa umezoea.

Jean Valjean afika kwa askofu mwezi wa Oktoba mwaka 1815, baada ya miaka 19 ya kifungo: mitano kwa kuiba mkate na mingine kumi na minne kwa kujaribu kutoroka. Milango yote ya mji imefungwa usoni pake. Askofu amkaribisha, amwita bwana, aagiza vinara vya fedha viwashwe mezani, ala naye. Usiku mgeni aamka, aiba vyombo vya fedha, atoroka. Asubuhi mtumishi apiga kelele. Na jibu la askofu, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa kitabu kizima. Asema kwamba vyombo vile alikuwa amevizuia isivyo haki kwa muda mrefu; vilikuwa mali ya maskini, na yule mtu bila shaka alikuwa maskini. Jibu hili latolewa kabla ya askari kumrudisha mwizi, wala hapana wa kulisikia ila wanawake wawili wa nyumbani. Maana yake ni kwamba askofu hajioni kuwa ametoa kitu. Ajiona amerudisha. Asiyejiona ametoa atamsimanga nani?

Askari wanapomleta Valjean, askofu awaambia kwamba vyombo alimpa mwenyewe, kisha amuuliza mgeni wake kwa nini amesahau vile vinara viwili. Hapa wasomaji hulia, nao wana haki. Lakini mhakiki aendelee kusoma. Askari wanapoondoka, askofu amwambia Valjean kwa sauti ya chini kwamba asisahau ahadi yake ya kuitumia fedha hiyo ili awe mtu mwema, ingawa Valjean hakumbuki kuahidi lolote. Tena amwambia kwamba ameinunua roho yake, aiondoe gizani, aikabidhi kwa Mungu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani: Je, huku si kufanya biashara? Nilikosa jibu siku ile. Huyu aliyetoa bure sasa ataja kununua, tena amfunga mwenzake kwa ahadi ambayo hakuitoa.

Nadhani jibu lapatikana kurasa nyingi nyuma, katika kisa kidogo ambacho wengi hukipita upesi. Mjini mlikuwa na mfanya biashara mstaafu, tajiri, jina lake Géborand. Alipoguswa na hotuba ya kasisi mmoja kijana juu ya mbingu na jehanamu, alianza kila Jumapili kuwapa waombaji wa mlango wa kanisa sou moja, sarafu ndogo kabisa, nao ni wanawake sita wa kugawana. Askofu alimwonyesha dada yake, akatabasamu, akasema kwamba bwana yule ananunua pepo ya sou moja. Basi neno kununua Hugo amelitumia mara mbili, na tofauti yake ni hii: Géborand ajinunulia mwenyewe, kwa bei ya chini awezavyo, askofu anunua kitu asichokichukua. Roho ya Valjean haiingii katika nyumba yake. Amkabidhi Mungu, naye abaki na meza isiyo na vijiko. Hivyo ndivyo ninavyozifahamu pia zile sura mbili za Injili. Malipo yaliyowekwa kwa Mungu yamwondoa aliyepewa katika kifungo cha kudaiwa. Na mtu akiisha kuyageuza malipo hayo kuwa bei, amekuwa Géborand.

Dalili nyingine ya usafi wa tendo hili ni kwamba askofu haoni matunda yake. Tunda la kwanza ni chungu: siku ile ile Valjean aweka mguu wake juu ya sarafu ya sou 40 ya mtoto maskini aitwaye Petit Gervais, amfukuza mtoto akilia. Baadaye tu ndipo moyo wake uvunjikapo. Askofu hajui sarafu ile, hajui toba ile. Wala hapana mahali tuonapo akijulishwa kwamba Bwana Madeleine, meya aliyetajirisha mji mzima wa kaskazini, ni yule mgeni wake. Naye afa mwaka 1821. Neno lile la ahadi alilisema mara moja, kwa sauti ya chini, asilirudie kamwe. Hii ndiyo tofauti ya onyo na simango. Onyo husemwa kisha mtu akaachwa aende. Simango hufuatana na mtu.

Hugo hakutosheka na mfano mwema. Ametuwekea na kinyume chake. Usiku baada ya vita vya Waterloo, mwaka 1815, mwizi aitwaye Thénardier alikuwa akiwapekua maiti. Alimvuta afisa mmoja kutoka chini ya miili ili amwibie. Afisa akazinduka, akadhani ameokolewa, akauliza jina la mwokozi wake. Kabla ya kufa afisa huyo aliandika wasia kwa mwanawe Marius: akimkuta Thénardier amtendee kila wema awezao. Tazama basi deni lililozaliwa na wema usiokuwapo. Lamfuata kijana kitabu kizima, lamzuia mkono aonapo mtu asiye na hatia akiteswa, na mwisho lamfanya ampe mhalifu yule faranga 20,000 ili asafiri Marekani. Hugo amaliza habari ya Thénardier kwa sentensi chache: kwa fedha za Marius akawa mfanya biashara ya watumwa. Msomaji wa pwani yetu, ambayo bado yaonyesha mahali watu walipofungwa minyororo na kuuzwa, hawezi kuipita sentensi hiyo kwa wepesi. Fedha mbili zatembea katika hadithi hii. Ile iliyosamehewa yazaa ukombozi wa mtoto Cosette; ile iliyolipwa kwa sababu ya deni yazaa utumwa.

Kama kitabu kingekoma hapo, tungesema Hugo ametoa mahubiri mazuri. Lakini mwisho wake una jambo lenye kutatiza, nami naliona kuwa sehemu ya kweli zaidi. Mwaka 1832 Valjean amwokoa Marius, ambaye amepoteza fahamu, kwa kumbeba mgongoni ndani ya mifereji ya maji machafu ya Paris, wala hamwambii. Awapa vijana mahari ya karibu faranga 600,000, mali yake halali, nao wadhani ni ya mtu mwingine. Ajifunua kwa Marius kuwa mfungwa wa zamani, lakini mema yake ayaficha. Marius amwepuka, amtenga kidogo kidogo na Cosette, na mzee aacha kula, adhoofika peke yake chumbani. Thénardier ndiye, bila kukusudia, amfumbuaye Marius macho. Wafikapo ni kuchelewa. Marius amlaumu: kwa nini hukuniambia?

Wahakiki wengi wameuona mwisho huu kuwa kilele cha unyenyekevu wa Kikristo. Mimi siafiki kabisa. Ni kweli kwamba Valjean ameitii methali: ametenda wema, amekwenda zake. Lakini amekwenda mbali mno, hata akawanyima watoto wake haki ya kumpenda kwa kuwa wanamjua. Asimangaye huiharakisha shukrani isije yenyewe. Ajifichaye kabisa huifungia mlango. Wote wawili, kwa njia zisizolingana hata kidogo kwa heshima, wamekataa kumwachia mwenzao uhuru wa kushukuru.

Na askofu je? Humo kitabuni mna sura ambayo iliwaudhi wengi. Askofu aenda kwa mzee mmoja mwanamapinduzi, adui wa kanisa, aliye karibu kufa, akikusudia kumpa baraka. Wajadiliana, na mwisho wa mjadala askofu ndiye apigaye magoti na kuomba baraka kwa yule mzee. Mtu huyu aliyejua kutoa kila kitu alijua pia kuomba, tena kwa mtu ambaye mji mzima ulimwona hana cha kutoa. Valjean alipokea vinara kwa askofu akavitunza mpaka kufa, vikamwakia kitandani pake pa mwisho. Lakini goti lile hakulirithi. Alijifunza kutoa, hakujifunza kupewa.

Kwa hiyo nasema kwamba methali yetu, tukiifafanua kwa kitabu hiki, haitwambii tuwakimbie tuliowatendea wema. Yatukataza kungoja. Mtu aweza kwenda zake na bado mlango wake ukawa wazi, ili shukrani, ikitaka kuja, ipate pa kuingia. Na isipokuja, pasiwe na aliyekaa kizingitini akihesabu siku. Mwanafunzi aliyeniuliza kama askofu alifanya biashara nilimjibu muhula uliofuata. Alisikiliza, akafikiri, akasema kwamba bado ana shaka juu ya ile ahadi. Nami nilimwacha na shaka yake.