Nyumba ya Rafiki Iko Wapi? Mawazo juu ya filme moja ya Irani



Jioni moja tulitazama pamoja na mafrateri wachache filme iliyotoka mbali, katika inchi ya Irani. Kwa Kifarsi inaitwa Khane-ye doust kodjast, maana yake: Nyumba ya rafiki iko wapi? Aliyeitengeneza ni Bwana Abbas Kiarostami, aliyezaliwa Tehran mwaka 1940, akafa Paris mwaka 2016. Filme yenyewe ni ya mwaka 1987. Ilipokwisha, frateri mmoja akasema: «Yote haya juu ya kaye moja tu!» Ni kweli. Lakini tukaanza kubishana, hata kengele ya kulala ikalia tukiwa bado katika maneno. Ndiyo sababu ninaandika.

Habari ni hii. Katika kijiji cha Koker, upande wa kaskazini wa Irani, mwalimu anaingia kalasi. Anaona ya kuwa mtoto mmoja, Mohammad Reza, ameandika kazi yake ya nyumbani juu ya karatasi, si ndani ya kaye. Ni mara ya tatu. Mwalimu anapasua karatasi, mtoto analia. Akikosa mara nyingine, atafukuzwa. Baada ya masomo Ahmad, mwenzake wa benchi moja, anafungua mfuko wake na kukuta kaye mbili zinazofanana: yake na ya Mohammad Reza. Ameichukua bila kujua. Na mwenzake anakaa Poshteh, kijiji kingine, ng'ambo ya kilima. Nyumba yake, Ahmad haijui.

Sasa tuwatazame wakubwa. Ahmad anamweleza mama yake, anarudia, anarudia tena. Mama anajibu: Fanya kwanza kazi yako. Kisha anamtuma huku na huku, na mwisho anamtuma kununua mkate. Mama huyu si mbaya. Mikono yake imejaa kazi, naye anafikiri mtoto anatafuta njia ya kwenda kucheza. Babu ni shauri lingine. Anamtuma Ahmad kuleta sigara, na kumbe sigara anazo. Anamwambia rafiki yake ya kuwa anataka kumzoeza mtoto utii. Anasimulia ya kuwa zamani baba yake alimpa feza kidogo na mapigo pia, kwa siku zilizopangwa. Feza baba aliweza kuzisahau, lakini mapigo hakuyasahau hata siku moja. Rafiki anauliza: Na kama mtoto hana kosa? Babu anajibu ya kuwa inapashwa kumtafutia sababu.

Wengine watasema: Ndivyo walivyo watu wa Irani. Wasiseme upesi hivyo. Aliyetuonyesha babu huyu ni Mwirani mwenyewe, na filme ilitolewa na chama kikubwa cha Irani kinachoshughulika na akili za watoto na vijana. Ni Wairani wanaojitazama. Anayewacheka wazee wake bila kuwachukia amekwisha kuanza njia ya kugeuka. Tena filme ilitokea katika miaka migumu: mapinduzi yalikuwa yamefanyika mwaka 1979, na vita na Iraki ilidumu toka 1980 hata 1988. Filme haisemi neno juu ya hayo. Naona haikukimbia. Serikali ikigeuka, bado inabaki kuuliza kama mtoto anasikilizwa katika nyumba ya baba yake.

Kuna jambo lingine la kutazama vema, nalo ni milango. Katika vijiji hivi anapita bwana mmoja anayeuza milango ya chuma, na watu wanaondoa ile ya mbao. Usiku, kule Poshteh, Ahmad anakutana na mzee seremala aliyetengeneza milango na madirisha mengi ya mbao. Mzee anatembea polepole na kusema mengi, na mtoto ana haraka. Lakini ni yeye peke yake, kati ya wakubwa wote, anayetoka nyumbani mwake kwenda naye. Njiani anampa ua dogo aliweke katika kaye. Hapa naona maana ya filme yote. Watu wale wako tayari kubadili milango; masikio yao hawataki kuyabadili. Na mtu wa kazi ya zamani ndiye mwenye nafasi ya kumsindikiza mtoto. Basi kugeuka si kuacha mbao na kushika chuma.

Tulibishana zaidi juu ya mwisho. Kaye hairudi usiku ule. Ahmad anaandika kazi yake, kisha anaandika na ya mwenzake. Kesho yake anafika amechelewa na kumpa kaye. Mwalimu anatazama, anakuta ni vema, na ua limo katikati ya kurasa. Frateri mmoja alisema: Ni uongo. Mwingine akasema: Ni upendo. Mimi nasema: uongo haugeuki ukweli juu ya ua. Lakini tuulize pia kwa nini mwalimu ameridhika. Aliagiza mistari ndani ya kaye, naye amepata mistari ndani ya kaye. Amri ilitolewa kusudi mtoto ajifunze, na hakuna aliyeona ya kuwa mtoto hakuandika kitu. Amri isiyosikiliza sababu mwisho hulipwa karatasi tupu ya haki.

Nami nisiwahukumu wakubwa wa Koker tu. Miaka michache iliyopita nilimfukuza mara tatu katekismoni msichana mmoja aliyechelewa. Mara ya nne ndipo nikamuuliza. Alikuwa akimpeleka mdogo wake sokoni kwa mama, kusudi anyonye. Mara tatu nilishika saa yangu, sikumshika mtoto.

Filme ina ukosefu wake. Mohammad Reza hatumjui karibu, na baba wa Ahmad anashughulika na radio yake tu, kama kwamba hakuna tatizo nyumbani. Lakini nalisifu jambo moja kubwa: Ahmad hapandi kilima mara mbili kwa sababu ya maneno matamu ya urafiki. Anapanda kwa sababu kaye ya mwenzake iko mkononi mwake, na mwenzake ataazibiwa kwa kosa lisilo lake. Urafiki wake unaanza kwa haki. Sisi tunaotumia neno «ndugu» kila siku, tulipime hapo.

Mwezi wa 6 mwaka 1990 inchi ilitetemeka kaskazini mwa Irani, wakafa maelfu na maelfu ya watu, na Koker ikabomoka. Kiarostami alikwenda kuwatafuta watoto wa filme yake, na juu ya safari hiyo alitengeneza filme nyingine, iliyotoka mwaka 1992. Ndani yake baba na mwanawe wanapita kati ya mabomoko, wakiuliza njia ya Koker. Katika filme ya tatu, ya mwaka 1994, wale watoto wawili wanaonekana tena. Walipona.

Wakatekista na mafrateri, mkipata filme hii, itazameni pamoja na watoto. Ikiisha, msianze ninyi kusema. Waacheni wao waanze.