Mapovu Mekundu: Ukakasi Ulivyotulizwa

Mtu akichukua mvinyo mwekundu mkavu, akaulaza kwenye friji, kisha akauongezea maji ya soda, atakunja uso kabla hajameza. Ulimi unakauka, fizi zinakaza, na uchungu unabaki kooni kama wa aliyetafuna bibo bichi. Akirudia jaribio hilohilo kwa kola badala ya maji ya soda, kinywaji kinanyweka. Mvinyo ni uleule, baridi ni ileile, mapovu hayajapungua. Kilichoongezeka ni sukari.

Jaribio hilo la jikoni linaeleza kwa nini mvinyo mweupe wenye mapovu umejaa duniani, na mwekundu ni wa kutafutwa. Ukakasi ule unatokana na tanini, zilizomo kwenye ganda, kokwa na kikonyo cha zabibu. Mvinyo mweupe hukamuliwa mapema na juisi ikatengwa na maganda, kwa hiyo tanini zake ni chache. Mwekundu hulazwa pamoja na maganda ili upate rangi, na rangi haiji peke yake. Baridi huukoleza ukakasi. Gesi ya kaboni ikiyeyuka ndani ya mvinyo huleta asidi, na asidi nayo huuchochea zaidi. Ndiyo maana katika eneo la Champagne nchini Ufaransa, ambako takribani theluthi mbili ya mashamba ni ya zabibu nyeusi za Pinot Noir na Meunier, matunda hukamuliwa kwa upole, upesi baada ya kuchumwa, ili juisi itoke nyeupe, maganda yasipate nafasi ya kusema neno.

Anayesimama mbele ya rafu ya chupa nyekundu zenye mapovu ana swali moja la kuuliza: huyu aliyeutengeneza, ukakasi ameutulizaje? Jibu ndilo linaloamua chakula. Mvinyo uliopunguziwa tanini tangu shambani unataka sahani moja, uliofunikwa kwa sukari unataka nyingine, na ulioachwa uzeeke una meza yake.

Mahali panapofaa kulifuatilia swali hilo ni Emilia, kwenye tambarare ya mto Po kaskazini mwa Italia, kati ya mji wa Reggio Emilia na mji wa Modena. Mvinyo wa huko unaitwa Lambrusco. Wengi hudhani hilo ni jina la zabibu moja. Ni jina la ukoo mzima wenye aina zaidi ya 10, na asili yake ni neno la Kilatini la mzabibu wa mwituni. Ndugu hawa wanafanana jina kuliko tabia, na hapo ndipo mnunuzi anapoteleza: anachukua chupa kwa kusoma neno Lambrusco tu, kama mtu anayemwendea mganga kwa jina la ukoo bila kujua ni yupi kati ya ndugu anayetibu.

Sorbara ndiye wa ajabu kuliko wote. Ua lake linaonekana kamili, lakini chavua yake ni tasa. Halizai bila jirani. Wakulima hupanda katikati ya mistari yake aina nyingine ya Lambrusco, Salamino, iwe dume la shamba. Hata hivyo uchavushaji hautimii kila mwaka. Maua mengine hupukutika, mengine huzaa vipunje vidogo visivyokua, na kichala kinabaki na mapengo. Mavuno yanakuwa haba. Mahali pengine ulemavu huo ungetosha kuung'oa mzabibu, lakini kwenye udongo wa kichanga kati ya mito ya Secchia na Panaro watu wameuvumilia kwa sababu ya kile unachotoa: juisi yenye asidi kali na maganda yenye rangi na tanini kidogo mno. Juisi hiyo hukaa na maganda kwa muda mfupi, mara nyingi saa chache tu, na mvinyo hutoka na rangi ya waridi iliyokolea, wakati mwingine yenye wekundu wa ndani ya tikiti maji.

Hapo kuna fumbo. Asidi ndiyo iliyotajwa kuwa mchochezi wa ukakasi, iweje mvinyo wenye asidi nyingi kuliko ndugu zake uwe ndio mwepesi zaidi mdomoni? Jibu ni kwamba mchochezi akikosa wa kumchochea hana kazi. Tanini za Sorbara ni chache kiasi kwamba asidi na mapovu vinabaki na kazi moja tu, ya kuburudisha. Kwa hiyo Sorbara huweza kufungwa ukiwa mkavu kabisa, bila sukari ya kuuficha, na ukanywewa wa baridi, nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi.

Grasparossa ni kinyume chake. Huota kwenye vilima vya Castelvetro, kusini mwa Modena, na jina lake linatokana na vikonyo vinavyogeuka vyekundu msimu wa mavuno ukiisha. Mvinyo wake ni wa zambarau iliyoiva, povu lake nalo la zambarau, na tanini zake zinashikika. Watengenezaji wengi huuachia sukari kidogo iukumbatie ukakasi. Wanaothubutu kuutengeneza mkavu hutegemea chakula kifanye kazi hiyo. Usitiwe barafu. Nyuzi 12 hadi 14 zinautosha. Salamino, yule dume la shamba, ana kichala kirefu kilichobanana kama soseji ya salami, na kwa ukali na kwa rangi husimama katikati ya hawa wawili. Majina ya maeneo ya aina hizi tatu yalilindwa rasmi kisheria mwaka 1970, na hadi leo kusoma neno linalofuata Lambrusco kwenye lebo kunasaidia kuliko kusikiliza maelezo ya muuzaji.

Mapovu nayo yana mbinu yake. Zamani mvinyo wa Emilia ulianza kuchachuka baada ya mavuno, baridi kali ikailaza hamira kabla haijamaliza sukari, mvinyo ukatiwa kwenye chupa, na joto la machipuko likaiamsha. Gesi ikakosa pa kutokea. Ilikuwa kazi ya bahati nasibu: chupa moja hupasuka, nyingine hupoa, na zote zina machicha chini. Mwaka 1895 Mwitaliano Federico Martinotti alisajili hataza ya kuchachushia mvinyo mara ya pili ndani ya chombo kikubwa kilichofungwa, na mwaka 1907 Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mbinu hiyo. Leo Lambrusco iliyo nyingi hupatiwa mapovu yake katika matangi ya chuma kisichoshika kutu yenye kuhimili shinikizo. Baadhi ya nyumba huhifadhi juisi mbichi kwenye baridi karibu na nyuzi sifuri, zikaichachusha kidogo kidogo mwaka mzima kadiri ya mahitaji, ili mnunuzi wa mwezi wa saba anywe mvinyo wenye harufu ya zabibu za jana. Wachache wamerudia chupa na machicha yake, na mvinyo wao una ladha ya mkate na ukungu unaotisha wasiouzoea.

Hesabu yake ni rahisi. Takribani gramu 4 za sukari kwa lita, zikichachuka ndani ya chombo kilichofungwa, huzaa shinikizo la baa 1. Lambrusco ya kawaida, ile ambayo Waitaliano huiita frizzante, haivuki baa 2.5, yaani karibu na upepo wa tairi la gari dogo. Champagne hufika 5 au 6. Tofauti hiyo haikuja kwa ubahili: mapovu machache yanamaanisha asidi kidogo ya gesi, na kwa mvinyo wenye tanini huo ni unafuu mkubwa. Walioamua kulegeza upepo walikuwa wanatuliza ukakasi, hata kama hawakuuita hivyo.

Chakula cha Emilia kingeweza kumtia hofu daktari wa moyo. Hapa si nchi ya mafuta ya zeituni. Ni nchi ya siagi, mafuta ya nguruwe na jibini ya Parmigiano Reggiano inayokaa ghalani miezi 12 kwa uchache. Mortadella ya Bologna ina vipande vya mafuta vinavyoonekana kwa macho. Gnocco fritto ni kama andazi lisilo na sukari wala iliki, likakaangwa kwa desturi katika mafuta ya nguruwe na kuliwa na nyama iliyokaushwa kwa chumvi. Zampone ni ngozi ya mguu wa nguruwe, kwato zikiwamo, iliyoshindiliwa nyama ya kusaga na kuchemshwa mpaka inatetemeka.

Kwenye meza hiyo ndipo mbinu ya mvinyo inapojieleza. Tanini hukausha mdomo kwa kung'ang'ania protini za mate. Zikikuta protini ya jibini au nyama zinashika hiyo, na mate yananusurika. Chumvi hupunguza uchungu. Mafuta huutandika ulimi, na asidi pamoja na mapovu huyakwangua, mlaji akaurudisha mkono kwenye sahani kana kwamba ndiyo kwanza ameketi. Kwa hiyo mortadella na gnocco fritto, vyenye mafuta mengi na ladha pole, huenda na Sorbara mkavu. Zampone, inayonata midomoni, inahitaji kitu chenye meno, nayo huitiwa Grasparossa. Akizibadilisha, mlaji atagundua kwamba Sorbara inamezwa na zampone kama maji, na Grasparossa inaipiga mortadella hadi isijulikane.

Kisha ikaja Marekani. Cantine Riunite, ushirika wa wakulima ulioanzishwa Reggio Emilia mwaka 1950, ulipata wakala kwa ndugu wawili wa New York, John na Harry Mariani wa kampuni ya Banfi, ambao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 waliuza Lambrusco tamu, yenye kilevi kidogo, ya kunywewa na vipande vya barafu. Kwa watu waliolelewa kwa soda ilikuwa shabaha ya katikati. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makasha zaidi ya milioni 11 ya Riunite yaliuzwa Marekani kwa mwaka, na hakuna mvinyo wa kutoka nje uliouzwa kuliko huo. Akina Mariani walikuwa wameshaanza, mwaka 1978, kujenga shamba kubwa huko Montalcino, Toscana, kwenye mvinyo mwekundu wa heshima. Mapovu matamu yakagharamia ufahari mkavu.

Wachambuzi wa mvinyo waliidharau Riunite kwa miaka mingi, na dharau hiyo ilivuka mipaka. Kiufundi Riunite haikuwa kosa. Ililijibu swali la ukakasi kwa sukari, jibu sahihi kwa mnywaji asiye na sahani mbele yake, anayekunywa kando ya bwawa la kuogelea kwenye glasi iliyojaa barafu. Kilichoharibika ni jina. Waliokunywa hiyo wakakataa kuamini kwamba kuna Lambrusco kavu, na wakulima wa Sorbara wakabaki na mvinyo bora wanaoulizwa kama ni juisi.

Ndiyo maana maneno madogo kwenye lebo yana uzito. Secco, kwa Lambrusco, ni sukari isiyozidi gramu 15 kwa lita. Dolce ni kuanzia 45. Katikati kuna amabile, tamu ya kiasi. Mnunuzi aliyezoea mvinyo mwekundu mtamu, na mjini Dodoma, Dar es Salaam na Nairobi wapo wengi, ataipenda amabile mara moja. Isimponze akaifungulia nyama ya kuku tupu, ikamchosha kwenye glasi ya pili. Utamu unatafuta chumvi, mafuta, au pilipili.

Pilipili inastahili neno lake. Kilevi huukoleza moto wake, na mapovu hayamsaidii aliyekwisha kuungua. Sukari huupoza. Sahani ya kitimoto iliyokaangwa, ndizi pembeni, ndimu na pilipili mbichi juu, kwa wanaoila, inaomba amabile ya baridi yenye kilevi cha asilimia 8. Nyama choma ya mbuzi yenye chumvi peke yake ni kesi nyingine: moshi na ule ukavu wa makaa vinaweza kubeba Grasparossa kavu bila malumbano.

Huko Piemonte, Italia hiyohiyo, mvinyo uitwao Brachetto d'Acqui umelifikisha jibu la sukari mwisho wa njia. Una harufu ya waridi na stroberi, kilevi karibu asilimia 5 au 6, na utamu wa kuweza kukabili chokoleti, jambo ambalo mvinyo mkavu hauwezi: kitindamlo kikiwa kitamu kuliko glasi, glasi inageuka siki.

Waaustralia waliamua kusubiri. Huko Great Western, jimbo la Victoria, mvinyo ulilazwa katika mahandaki yaliyochimbwa na waliokuwa wachimba dhahabu, na nyumba ya Seppelt ilijulikana kwa mapovu mekundu ambayo wakati huo yaliitwa Burgundy. Leo yanaitwa Shiraz. Mvinyo wa msingi huzeeshwa kwenye mapipa, tanini zikalainika, ndipo unapochachushwa tena kwenye chupa na kuachwa juu ya hamira kwa miaka. Sukari kidogo huongezwa mwishoni. Kilevi hupita asilimia 13, kwa hiyo pilipili ikae mbali. Huko huunywa Krismasi, jua likiwaka, na batamzinga aliyeokwa, na mlinganisho huo una akili: nyama ya ndege mkavu hupata mchuzi kutoka kwenye glasi.

Tukirudi Italia, kule Mantova na Emilia wapo wanaoufikisha mlinganisho mahali ambapo mhudumu wa hoteli ya nyota tano angeshika kichwa. Wakati wa baridi, bakuli la supu ya moto likifika na vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama, mlaji huchukua chupa ya Lambrusco na kumimina kidogo ndani yake. Mapovu yanapanda na kufa, mchuzi unageuka zambarau, mafuta yaliyoelea juu yanakatika vipande vipande. Desturi hiyo inaitwa bevr in vin. Kijiko cha kwanza huwa kichachu, halafu mlaji huinamisha kichwa na kuinua bakuli kwa mikono miwili.