Maji, Mwongozo na Ujasiri wa Kuazima: Kuisoma Upya Tamthilia ya Kinjeketile

Kila ninaposahihisha karatasi za fasihi hukutana na sentensi moja ambayo sasa naijua kwa ghibu: kwamba tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inatufundisha ubaya wa ushirikina na umuhimu wa umoja. Miandiko hutofautiana lakini sentensi ni ileile, kwa sababu imetoka katika kijitabu kilekile cha mwongozo kinachouzwa kwenye vibanda vya fotokopi. Sisemi kuwa ni ya uongo. Nasema kwamba mtu anaweza kuiandika bila kuifungua tamthilia yenyewe, na kwamba inalipita kando swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kazi hiyo: ujasiri wa mtu unakaa wapi? Ndani yake, au katika kitu alichopewa na mwingine?

Tukumbuke kwanza wakati wenyewe. Tamthilia ilichapishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha na baada ya Mwalimu Nyerere kutoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Neno kujitegemea lilikuwa midomoni mwa kila mtu nchini Tanzania. Katika hali hiyo mtu angetazamia mwandishi kijana alete mchezo wa kushangilia mashujaa wa Maji Maji. Hussein hakufanya hivyo. Alileta mchezo ambamo shujaa mwenyewe ndiye wa kwanza kutia shaka.

(Hapa naomba wanafunzi wa sarufi wanivumilie. Kiambishi -ji- tunakieleza darasani kuwa ni cha kujirejea, kisha tunapita. Lakini kitazameni kinavyofanya kazi: kujitegemea, kujitawala, kujiamini, na papo hapo kujiona, kujidai, kujitapa. Umbo ni lilelile. Tofauti haimo katika kiambishi bali katika kile mtu anachokikuta anapojirejea. Wapo wanaojirejea wasikute kitu, ndipo hutafuta kelele za kujazia.)

Sasa tuingie katika mchezo. Mwanzoni tunawaona watu wanaofanyishwa kazi kwa kiboko katika mashamba ya pamba ya Wajerumani. Kuna njaa, na makabila jirani hayaaminiani. Nguvu za mwili wanazo. Wanachokosa ni imani kwamba nguvu hizo zinaweza kufanya jambo. Kisha Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka na maji ya Hongo, na watu walewale wenye mikuki ileile wanasimama. Mwongozo unaishia hapa: maji yameleta umoja na ujasiri. Ni kweli yameleta. Lakini Hussein anaendelea, na anachokionyesha ni kwamba ujasiri huo ni wa kuazima, na cha kuazima kina mwenyewe.

Mwenyewe ni nani? Hapa ndipo penye sehemu ambayo wanafunzi wengi huiruka kwa kuiona ngumu. Kinjeketile anatambua kwamba katika maneno yaliyotoka kinywani mwake alipokuwa chini ya nguvu za Hongo, watu waliahidiwa kuwa watoto wa Seyyid Said. Kumbe ni kumwondoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine! Tangu hapo anaanza kujiuliza neno lile lilikuwa la nani. Anawataka watu wangoje, wafanye mazoezi, wajipange, wasiingie vitani kwa kutegemea maji peke yake. Kwa maneno mengine anawaambia wajitegemee. Na hawamsikii! Wanamkatalia Kinjeketile kwa jina la Kinjeketile. Neno limekuwa kubwa kuliko aliyelizaa. Sijui katika fasihi yetu tukio jingine linaloonyesha kwa ukali namna hii kwamba huwezi kumpa mtu kujiamini kama unavyompa dawa. Akikuamini wewe hujamfundisha kujiamini, umemfundisha kukutafuta.

Nilipokuwa masomoni Dar es Salaam kwa ajili ya uzamili nilitumia muda mwingi kulinganisha mchezo na historia, na jambo moja halijaniacha tangu wakati ule. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Shambulio la boma la Mahenge, ambako wapiganaji waliangushwa na bunduki za rashasha, lilikuja tarehe 30 mwezi huohuo. Yaani nabii wa kweli alikufa kabla ya kuona maji yakishindwa kiasi kile. Hussein anamweka hai mpaka baada ya kushindwa. Mwenyewe alitanabahisha kwamba mhusika wake ni wa kubuni, si picha ya mtu wa historia, kwa hiyo hatuwezi kusema amekosea tarehe. Kwa nini amefanya hivyo? Nadhani alitaka kumwona mtu huyu akiwa hana tena chochote cha kushika mkononi. Maji yameshindwa, jeshi limetawanyika, yeye amefungwa na kupigwa, na Kitunda, rafiki yake, anamsihi akubali kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Tena hakatai kwa kuyatetea maji kama dawa. Anakataa kwa sababu anajua wajukuu wataambiwa nini: kwamba babu zao walikosea kupigana. Kwa mara ya kwanza katika mchezo mzima anasema neno ambalo halikutoka kwa Hongo. Ni lake.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinipinga darasani: Je, mwalimu, huoni kwamba ukaidi huo unawaacha watu waendelee kufa kwa ajili ya uongo? Ni hoja nzito. Kitunda naye ni mtu mwenye akili, ndiye aliyewafundisha watu kupigana, na anayemsihi ni yeye. Kujiamini kwa mtu mmoja kunaweza kulipwa kwa damu za wengine. Sina jibu la kuifunga hoja hiyo, na nashuku Hussein naye hakutaka tuwe nalo. Ninachoweza kukilaumu katika kazi yake ni kwamba anawatumia wake wa Kinjeketile na Kitunda kutufungulia mchezo, kisha uamuzi wote unabaki kwa wanaume. Mwanamke anayetafuta chakula katika nyumba yenye njaa anajua habari za kujitegemea ambazo hakuna nabii anayezijua.

Narudi kwenye kijitabu cha mwongozo. Sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda tuna maji yetu. Mwongozo ni maji. Na lile jina la Kiswahili cha pwani nalo tumelifanya maji: mwanafunzi kutoka Gulu au Mbarara hathubutu kufungua kinywa kwa sababu amechekwa lafudhi, na kila neno analosema hulimalizia kwa kuomba radhi. Hata sera tumezifanya maji. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha uamuzi wa kukitekeleza, na kila mara tulijinyunyizia tukasubiri tuone. Mimi nami nimo. Kwa miaka mingi nilitoa alama kamili kwa sentensi ya mwongozo kwa kuwa ilikuwa rahisi kusahihisha.

Muhula uliopita niliweka swali moja tu la lazima: Kinjeketile alikuwa sahihi kukataa? Jibu kwa hoja zako. Wengi waliandika habari za ushirikina na umoja. Msichana mmoja kutoka Arua aliandika kurasa tatu akidai kwamba Kinjeketile hakuwa sahihi, kwamba alipaswa kusema ukweli kuhusu maji na papo hapo kusema ukweli kuhusu kiboko, na kwamba wajukuu wangeweza kuyabeba yote mawili. Sikukubaliana naye. Upatanisho wa kisarufi ulimshinda mahali pawili. Nilimpa alama zote za hoja, nikamkata moja ya lugha, na Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na karatasi mkononi, kuidai ile moja.