Mwandishi Kijana na Chemchemi Yake: Tumsome Aniceti Kitereza

Mara kwa mara vijana wetu wanatuuliza hivi: «Padri, natamani kuandika hadithi ndefu, ile ambayo Kifaransa huiita romani na ndugu zetu wa Tanzania huiita riwaya. Nitapata wapi mambo ya kuandika? Tena nani ataniongoza?» Swali hili ni jema. Hatupendi kulijibu kwa maneno matupu. Tutalijibu kwa kitabu.

Lakini kwanza tueleze jambo lililotukuta. Fratri mmoja, mzaliwa wa kando ya ziwa Tanganyika, alituletea kaye tatu za shule. Ndani yake mwanasheria kijana wa Bruxelles anampenda binti wa tajiri. Theluji inaanguka, treni inaondoka, binti analia dirishani. Kifaransa chake kilikuwa safi, pasipo kosa. Tulisoma mpaka mwisho, na moyo wetu haukushtuka hata mara moja. Fratri huyu hajaona theluji. Kumbe, nyuma ya kaye ya tatu, penye karatasi zilizobaki, alikuwa ameandika kwa Kiswahili habari ya nyanya yake akianika ndakala mchangani: namna anavyofukuza kunguru, na namna anavyohesabu siku tangu mtumbwi wa mwanawe uondoke usirudi. Ukurasa mmoja tu. Huo tuliusoma mara mbili.

Sasa tufungue kitabu cha mzee Aniceti Kitereza, «Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali». Mzee huyu alizaliwa mwaka 1896, akawa mtu wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa Victoria. Alisoma kwa Mapadri Weupe, akaingia seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini kama sisi. Hakupata upadri. Alirudi kwao, akamwoa Anna, akaishi kama mkristu wa kawaida, akiwasaidia wamisionere katika kazi za lugha. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe. Hapakuwa na mtu wa kukipiga chapa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wawili wa Marekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, walimtembelea wakamtia moyo. Akaketi tena, sasa mzee mwenye maumivu ya viungo, akakitafsiri chote katika Kiswahili kwa mkono wake. Kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee akafariki, kabla kitabu kilichopigwa chapa hakijamfikia mkononi.

Kitabu chenyewe kinasimulia nini? Mtu na mkewe hawana mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke. Wazazi wa mke wanakasirika, wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anabaki peke yake nyumbani. Je, ataoa mwingine? Hapana. Anakwenda kwa wakwe, anajinyenyekeza, anakubali kulipa faini ya pombe ya ndizi, na kurasa nyingi zinapita pombe ikitayarishwa. Mwishoni mke anarudi, wanatafuta dawa, wanapata mwana na binti. Mambo yote haya ni ya zamani, Wazungu hawajafika bado kisiwani.

Katika kitabu hiki mwandishi kijana anaweza kujifunza mambo matatu.

La kwanza ni juu ya chemchemi. Aniceti na Anna walizaa, lakini watoto wao walikufa wangali wadogo. Wakazeeka wawili tu. Katika nchi ambamo mtu asiye na mtoto huhesabiwa kama mti uliokauka, Aniceti hakumwacha Anna wala hakumwongezea mwenzake. Basi, tukisoma namna Myombekere anavyopika mwenyewe katika nyumba isiyo na mke, tunajua mwandishi hakukiokota kilio hicho katika vitabu vya wengine. Tumkumbuke Elkana katika Kitabu cha Samweli, naye alimpenda Anna wake asiyezaa. Lakini Elkana alikuwa na mke wa pili nyumbani, Myombekere hana. Aniceti alikuwa na jeraha lake, akalivika nguo za mababu, akalitia katika nyumba ya watu wengine. Hakuandika «mimi» hata kidogo. Kijana anayeuliza atapata wapi mambo ya kuandika, ajiulize kwanza ni jambo gani nyumbani kwao ambalo watu wanalinyamazia.

La pili ni juu ya kiongozi. Padri Almas Simard, mmisionere Mkanada, ndiye aliyemhimiza Aniceti kuandika. Hakumwandikia, wala hakumpa kielelezo cha Ufaransa afuate. Alimwamini kwamba lugha ya kisiwa kidogo inatosha kwa kitabu kikubwa. Hapa tunasema nasi mapadri wenyewe. Kijana akituletea kaye, mara nyingi tunashika kalamu nyekundu, tunasahihisha sarufi, tunamrudishia pamoja na shauri la kusali. Shauri la kusali ni jema, lakini yeye alitaka msomaji. Kiongozi wa mwandishi ni yule anayesoma mpaka mwisho na kusema pasipo kuficha: hapa nimesinzia, hapa nimeona.

La tatu ni gumu zaidi. Kitabu hiki kimeandikwa na mkristu wa kweli, na ndani yake mna waganga, mna matambiko, mna pombe, mna mambo ya unyumba yanayotajwa wazi. Wengine watauliza: mbona hakuyahukumu? Sisi tunaona hapo ndipo penye nguvu yake. Aniceti hayasifu wala hayacheki, anayaonyesha. Angeliingiza katekista katika sura ya mwisho ili awabatize wote, tungalipata mahubiri mabaya na hadithi mbaya kwa pamoja. Yeye alituachia Myombekere mpagani, mwaminifu kwa mke mmoja asiyezaa, akiomba msamaha mbele ya baba mkwe. Katekista anayefundisha juu ya ndoa hatapata mfano bora kuliko huo, na haumo neno moja la katekisimu.

Je, kitabu hakina kosa? Kinayo. Kina kurasa zaidi ya 600, na mara nyingi hadithi inasimama njiani kama mtu aliyekutana na rafiki. Mgonjwa analala, nasi tunafundishwa dawa, majani yake na namna ya kuitengeneza. Tukirudi kwa mgonjwa tumekwisha kusahau maumivu yake. Watu wanasalimiana kwa urefu wote wa desturi. Sababu yake twaijua: mzee aliogopa kwamba mambo ya mababu yatapotea, akataka kuyaweka yote salama. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini ni kazi ya mtunza ghala. Kijana asimwige katika hilo. Desturi iingie pale tu ambapo mtu wa hadithi anaihitaji. Ile pombe ya faini haituchoshi, kwa sababu kila mtungi unamkaribisha Bugonoka nyumbani.

Labda fratri fulani atasema: kungoja miaka 35, kisha kufa pasipo kushika kitabu chako, ni faida gani? Hatuna jibu tamu. Tunajua tu kwamba kitabu kilitafsiriwa katika Kijerumani miaka ya 1991 na 1993, na katika Kiingereza mwaka 2002, na kwamba mtu asiyeacha mtoto anasomwa leo na watoto wa wengine. Anayeandika ili aonekane upesi, heri aache sasa, ataokoa karatasi.

Yule fratri wa ziwani tulimrudishia kaye zake. Juu ya Bruxelles hatukuandika neno. Tulitia alama moja nyuma ya kaye ya tatu, tukamwuliza: mtumbwi ule ulikwenda wapi, na nyanya yako alihesabu mpaka siku ya ngapi? Alinyamaza kitambo. Kisha akasema mtumbwi ule ulikuwa wa baba yake, na kwamba nyumbani hawazungumzi habari hiyo. Tukampa kaye mpya.